Kitabu Changu Kilichopigwa Mnada Kanisani

Mpaka leo nikimsikia mtu anasema vitu vya mtandaoni ni rahisi, namwacha amalize kwanza. Akishamaliza namuuliza kama kwao wana sanduku la posta.

Mimi ni fundi cherehani. Nalisema hilo sasa bila aibu, lakini mwaka ule nilikuwa naitwa "yule binti wa pale kwa shangazi yake", kwa sababu cherehani ilikuwa ya shangazi, veranda ya shangazi, na hata mkasi ulikuwa wa shangazi. Shule niliacha kidato cha pili. Kushona nilijifunza kwa kumwangalia yeye, naye alijifunza kwa kumwangalia mtu mwingine, na katika sisi wote hakuna aliyewahi kuambiwa sababu ya kitu chochote. Unampima mama wa watu, unakata kwa kukisia, ukikosea unaongeza kipande na kumwambia huo ndio mtindo uliotoka.

Kilichoniponza ni kwapa za kwaya. Kwaya ya kanisa letu hapa Misigiri haiimbi na mikono chini. Wakifika kwenye kiitikio wote wananyanyua mikono, na majoho yao ya zamani yalikuwa yakinyanyuka pamoja nayo hadi magotini, huku kwapani yanaachia. Ukikaa viti vya mbele ulikuwa unasikia nyuzi zikikatika. Basi mwalimu wa kwaya akatangaza kwamba Krismasi ile watashona majoho mapya, ishirini na sita, na fundi anayeitaka kazi alete joho moja la mfano Jumapili ya kwanza ya Desemba. Mwanakwaya atalivaa mbele ya wazee wa kanisa, atanyanyua mikono yote miwili. Pindo likipanda, kazi inapelekwa kwa mafundi wa Singida mjini. Pindo likitulia, kazi ni ya huyo fundi.

Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilishaiota yote mpaka mwisho wake: cherehani yangu mwenyewe, na maandishi makubwa ukutani, fundi fulani, mavazi ya aina zote. Kusema kweli maandishi nilikuwa nimeshayaanza. Nilichora namba yangu ya simu kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa veranda, halafu rangi ikaisha kabla sijafika kwenye jina. Ikabaki namba peke yake, kubwa, utadhani namba ya nyumba ya serikali.

Nilijaribu kukata mikono ya joho kwa karatasi za mifuko ya saruji, mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Kila nikipachika mkono, unavuta. Ndipo siku moja nikaona kwenye simu picha ya ukurasa wa kitabu, na kwenye ukurasa huo mchoro wa kipande kidogo cha pembe nne kinachopachikwa kwapani, mkono ukawa huru. Picha ilikuwa ndogo, vipimo havisomeki, lakini jina la kitabu lilionekana. Nilikaa chini. Maisha yangu yote yalikuwa yanasubiri kipande kile.

Duka la vitabu nililouliza mjini walisema kitabu hicho kinaagizwa, na bei waliyonitajia ni ya mbuzi jike mwenye mimba. Mtandaoni nikakiona kwenye duka la ng'ambo linalouza vitabu vilivyotumika. Bei yake kuku watatu, usafirishaji bure. Nikamwonyesha shangazi. Akasema mzungu hawezi kukuletea kitu bure toka kwao wakati mwenye pikipiki hakuleti bure toka mnadani. Nilicheka. Laiti ningejua nacheka nini.

Kulipa hakukunishinda, kadi ya mtandaoni siku hizi unaitengeneza kwenye simu. Kilichonitoa jasho ni fomu. Fomu ilitaka jina la mtaa. Nikaandika Misigiri. Ikakataa, ikataka na namba ya nyumba. Nikaandika nyumba ya pili baada ya mashine ya kukamua alizeti. Ikageuka nyekundu yote. Nikaenda kwa katibu wa kanisa, maana sanduku la posta ninalolijua mimi ni la kanisa, na yeye ndiye anayekwenda Kiomboi siku za gulio kulifungua.

Katibu ni mtu mzuri, tena mwenye haraka ya kusaidia, na haraka yake ndiyo iliyonifikisha pabaya. Aliniruhusu sanduku. Kisha akaangalia nilipoandika jina langu akatikisa kichwa. Akasema jina langu pale posta halijulikani, na mzigo wa mtu asiyejulikana unarudi ulikotoka, kwa hiyo niandike jina la kanisa, mengine aachiwe yeye. Fomu ilitaka majina mawili. Tukaandika jina la kwanza Usharika, ndivyo tunavyoliita kanisa letu, jina la ukoo Misigiri. Chini, penye simu, nikaweka namba yangu. Kesho yake duka likaniandikia ujumbe: Mpendwa Usharika, asante kwa oda yako.

Hiyo ilikuwa Agosti. Waliahidi wiki sita. Wiki ya saba nikafungua ile namba ya kufuatilia mzigo, ikasema mzigo umeondoka. Wiki ya tisa, umeondoka. Nilikuwa nikinunua bando la kuambiwa kwamba mzigo umeondoka. Shangazi akawa ananiuliza kila asubuhi, kwa sauti ya kumwuliza mtu habari za mgonjwa, kama bado umeondoka. Mvua za kwanza zikanyesha, watu wakashika majembe, mimi nikarudi kwenye karatasi za saruji na kukisia.

Katikati ya Novemba katibu alikwenda msibani Mkalama, akakaa huko siku kumi. Funguo ya sanduku akamwachia mwinjilisti. Mwinjilisti akaenda Kiomboi, akakuta mzigo wenye stempu za ng'ambo na jina la usharika. Angefikiri nini kingine? Tangu zamani kitu kikitoka ng'ambo kuja kwa jina la kanisa, ni wafadhili.

Nilikuwa nimekaa nyuma na shangazi Jumapili ile. Baada ya matangazo mwinjilisti akasema tumekumbukwa, akanyanyua mfuko wa rangi ya kaki, akauchana mbele ya watu. Akatoa kitabu. Kwenye jalada kulikuwa na mwanamke aliyevaa koti, na mistari ya kukatia imechorwa juu yake. Moyo wangu ulitangulia mbele kabla ya miguu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwinjilisti akawaombea wafadhili, wao na watoto wao na kazi za mikono yao, akasema kwa kuwa kitabu ni kimoja na sisi ni wengi, kitaingia kwenye mnada.

Asiyejua makanisa ya kwetu nimweleze. Wasio na fedha wanatoa sadaka ya walichonacho: mayai, debe la mtama, jogoo. Ibada ikiisha vinanadiwa pale nje, na fedha ndiyo sadaka. Na kitu kikishawekwa pale mbele ni cha Bwana. Huwezi kurudi ukasema samahani, yule jogoo ni wangu.

Lakini mimi nilijaribu. Mnadi alipokishika kitabu na kutaja bei ya kuanzia, nilinyanyua mkono juu nipate kusema kwamba kuna makosa yametokea.

"Dada pale nyuma," mnadi akasema. "Ameanza vizuri. Nani anaongeza?"

Akaongeza bibi mmoja mjane, anayekaa ng'ambo ya mashine ya alizeti, mfugaji wa kuku anayejulikana hadi Shelui. Nikanyanyua tena, mikono yote miwili sasa, nikisema jamani naomba kusema. Mnadi akapandisha bei. Watu wakaanza kucheka na kushangilia. Bibi akageuka, akanitazama toka juu hadi kwenye kandambili, akaongeza. Nikashusha mikono. Hela ya kuendelea sikuwa nayo, na ningekuwa nayo ningekuwa nimekinunua kitabu changu mara mbili. Bibi akalipa fedha aliyokuwa nayo, na juu yake akaweka tetea anayetaga.

Kisha akasema maneno yaliyonifunga mdomo. Alipokuwa msichana, masista wa misheni walimfundisha kushona, wakarudi kwao, na hajawasikia tena. Alikishika kitabu kifuani akasema, "Nilijua hawajatusahau."

Nilimfuata mwinjilisti nyuma ya kanisa nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa huruma nyingi. Akaniuliza kama jina langu liko kwenye mzigo. Nikasema hapana, niliandika la kanisa. Akaniuliza ni nani anayelijua jambo hilo. Nikasema katibu. Akasema basi tumsubiri katibu. Katibu aliporudi akalikumbuka vizuri sana, akacheka mpaka akashika ubavu, akaahidi kulifikisha kwenye baraza la wazee. Baraza linakaa lini? Januari. Mfano wa joho unatakiwa baada ya siku tisa.

Hayo hayakutosha. Kwa kuwa katibu alimweleza mwinjilisti kwamba anwani ya wafadhili ninayo mimi kwenye simu, mwinjilisti akaniomba niwaandikie shukrani kwa niaba ya usharika, na nikiweza nigusie habari ya vitabu vya nyimbo. Nilimwambia mzee, lile ni duka. Akasema hata mwenye duka ana moyo. Nikaandika. Duka likajibu palepale: Mpendwa Usharika, unakipa kitabu chako nyota ngapi?

Basi nikabeba futi yangu ya kupimia na karatasi za saruji, nikaenda kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Si wewe uliyenipandishia bei?"

Nikasema ni mimi, na kwamba naomba kukitazama kitabu, maana nina joho la kukata. Akasema ninawe mikono. Nikanawa. Akasema mpaka viwiko. Kitabu alikuwa amekifunga ndani ya khanga, khanga ndani ya sanduku la bati, na funguo ya sanduku shingoni. Akakiweka mapajani kwake, akafungua ukurasa wa kwanza. Nilimwambia ninaoutaka uko mbele zaidi. Akasema kitabu husomwa toka mwanzo.

Siku ile tulitazama kola.

Siku ya pili tukatazama kola tena, kwa sababu alikuwa amezipenda. Kamera ya simu yangu ilishapasuka, ukipiga picha inatoka ukungu. Nikaomba niweke karatasi juu ya ukurasa nichore kwa kufuatiza. Akakataa, kalamu itaacha alama. Kukiazima, hata kwa saa moja, hakutaka kusikia, maana paa la shangazi linavuja na kijiji kizima kinajua. Kwa hiyo kitabu changu, nilichokilipia, nilichokisubiri wiki kumi na moja, nilikuwa nakisoma kwenye mapaja ya mtu mwingine, tena kichwa chini miguu juu kwa sababu yeye ndiye aliyekaa upande wa maandishi. Na kabla ya kukiona ilibidi ninywe uji, nimtungie uzi kwenye sindano zake tano za wiki nzima, na nisikilize ni kuku gani ameacha kutaga na ni kwa kosa la nani.

Siku ya nne tukafika kwenye kwapa. Nilikuwa nimeshaishiwa maneno ya adabu. Akafungua ukurasa ule, na katikati yake pakawa na karatasi iliyokunjwa.

"Hii ndiyo barua yao," bibi akasema. "Nimekutunzia. Kiingereza mimi sikijui. Nisomee."

Nilifungua. Ilikuwa risiti ya duka. Usharika Misigiri, kitabu kimoja, bei, na chini yake namba yangu ya simu, tarakimu kwa tarakimu. Hapo ndipo pa kusema. Ushahidi nilikuwa nimeushika mkononi. Nilimtazama bibi. Alikuwa amekaa wima, amevaa kitambaa safi kichwani, kama mtu aliyepangiwa kupokea wageni.

"Wanasema wanawasalimu," nikasema. "Wametuma kitabu kimoja. Kimetumika lakini kiko katika hali nzuri."

"Eeh. Na hizi namba hapa chini?"

"Namba za mzigo, bibi."

Akaichukua karatasi, akaitazama kwa muda. "Namba za mzigo," akasema. Akaikunja, akairudisha mahali pake. Kisha, sijui kwa nini, akakigeuza kitabu kikanielekea mimi.

Nilinakili vipimo vyote jioni ile. Nilikata joho kwa kitambaa cha kuazima, nikalishona, nikalifumua, nikalishona tena. Kile kipande cha kwapani ni kidogo, ukikiona huwezi kudhani kinaweza kumsumbua mtu, lakini pembe zake zina kiburi. Shangazi alinishikia taa ya simu alasiri yenye mawingu akasema sasa naona unashona kama mtu anayejua. Sikumjibu, nilikuwa na pini mdomoni.

Jumapili ya kwanza ya Desemba mwanakwaya mmoja, mrefu kuliko wote, alilivaa joho langu mbele ya wazee. Watu walibaki ndani kushuhudia. Akanyanyua mikono. Mimi sikutazama mikono, nilitazama sakafu. Pindo lilikuwa pale pale juu ya viatu vyake. Akaimba kiitikio kizima, akayumba kulia na kushoto. Kwapani kimya.

Kazi ikawa yangu. Nilikuwa bado sijamaliza kuifurahia pale mzee mmoja wa baraza aliposimama kwa upole mkubwa akasema kwamba, kwa kuwa ujuzi huu umetoka kwenye kitabu walichotuma wafadhili kwa ajili ya usharika mzima, wanaona ni vema binti ashone kwa nusu ya bei, nusu nyingine iwe mchango wake. Wakaitikia kwa vichwa. Mwinjilisti akatazama dirishani. Katibu, shahidi wangu, akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Nilisimama. Nilikuwa na miezi minne ya maneno na yote yalikuwa yamepanga foleni kooni. Kisha nikamwona bibi kwenye benchi la mbele, na kitabu ndani ya khanga, amekileta kije kione joho lake.

Bibi ndiye aliyeongea. Hakusimama.

"Mpeni mtoto hela yake yote. Kitabu ni chake."

Akafungua khanga, akatoa ile karatasi, akampa mzee wa baraza. Akasema Kiingereza hakijui lakini namba anazijua, maana kwa namba anauza kuku mpaka Shelui, na namba iliyo chini ya karatasi ile iko ukutani kwa shangazi yangu, kwa rangi nyekundu, kubwa kiasi kwamba hata kipofu angeipiga. Kisha akamgeukia katibu, akamwambia kitu kwa Kinyiramba ambacho sitakiandika. Katibu ndipo akanyanyuka akathibitisha, na wazee wakairudisha bei yote.

Nje nilimkuta bibi anafunga khanga yake. Nilitaka kulia na nilitaka kumgombeza, na sikujua kipi kianze. Nikamuuliza ni tangu lini alijua. Akasema tangu jioni ile ile ya mnada, alipokifungua nyumbani.

"Na mbona hukuniambia, bibi? Umenifanya ninywe uji siku nne."

"Na wewe mbona hukuniambia? Ulikaa pale ukanisomea salamu." Akaiweka khanga begani. "Ulinidanganya vizuri. Nikasema ngoja nimwone anafika wapi."

Tukatembea kidogo. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Kwa hiyo ni duka tu."

"Ni duka tu, bibi. Hata hawatujui."

"Najua ni duka. Nilikuwa nauliza tu."

Nikamwambia akichukue kitabu, nitanunua kingine. Nilisema hivyo kwa moyo wote, na mara moja nikaikumbuka ile fomu. Akakataa. Akasema mimi nimemlipa mzungu, yeye amemlipa Mungu, na hakuna kati ya hao wawili atakayerudisha fedha. Kwa hiyo kitabu kina wenyewe wawili, na kitalala kwake, kwa sababu ya paa. Nilipopiga hesabu kichwani usiku ule, kuku watatu wangu, fedha yake na tetea wake, nikaona kitabu cha bei rahisi kimetugharimu zaidi ya mbuzi na mimba yake. Sikumwambia shangazi.

Nilishona majoho ishirini na sita kwa siku kumi na nane. Siku ya Krismasi bibi alinivuta nikae naye mbele. Kwaya ikafika kwenye kiitikio, mikono ikapanda yote kwa pamoja, na mapindo yakabaki chini, mstari mmoja, kama ukingo wa meza. Nilihisi machozi. Halafu nikaona upande wa kulia, mwishoni, joho moja limenyanyuka hadi katikati ya miguu. Lilikuwa la mwalimu wa kwaya mwenyewe, aliyekataa kupimwa akasema vipimo vyake ni vile vile vya mwaka jana.

Bibi alikuwa ameshaliona. Akanisogelea sikioni.

"Yule umemkosea," akanong'ona. "Kesho uje tutazame ukurasa. Na unawe kabisa kabla hujatoka kwenu."